Maswali ya Wasomaji: Ligi Ipi ya Besiboli ya Shule Ina Nguvu Zaidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi ninayeishi Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani. Kijana wangu anamaliza darasa la nane na mwaka ujao ataingia sekondari. Tangu tuhamie huku amependa besiboli kuliko mchezo mwingine wowote. Sasa watu wananivuta huku na huku. Wapo wanaonishauri nimpeleke katika shule ya Kikatoliki iliyomo kwenye Greater Catholic League South, wakidai kwamba ndiyo ligi ngumu kuliko zote za eneo hili. Wapo pia wanaosema kwamba shule za serikali za Greater Miami Conference zimeshaifikia, au hata kuipita. Kila upande unanionyesha msimamo wa ligi yake na idadi ya mechi ambazo bingwa wake alishinda. Mimi nimekulia kwenye soka na misimamo hiyo hainiambii kitu. Naomba mnieleze: nguvu ya ligi moja ya shule hulinganishwaje na ya nyingine? – Mzazi, Cincinnati.

JIBU: Ndugu mzazi, hujakosea kuona kwamba misimamo hiyo haikuambii kitu. Ndani ya ligi, kila mechi inayochezwa huzaa ushindi mmoja na kipigo kimoja. Greater Catholic League South ina shule nne za wavulana, yaani Moeller, St. Xavier, Elder na La Salle. Tuchukulie kwamba kila shule inakutana na kila mwenzake mara tatu: zitachezwa mechi 18, na mwisho wa msimu ligi nzima itakuwa na ushindi 18 na vipigo 18. Ukizichukua shule nne dhaifu kuliko zote katika jimbo na kuziundia ligi yao, hesabu itatoka vilevile, 18 kwa 18, na bingwa atapatikana, na kombe litabebwa. Kwa hiyo rekodi ya ndani hueleza nani ni mkubwa nyumbani kwake, lakini haisemi lolote kuhusu ukubwa wa nyumba yenyewe.

Kinachoweza kusema ni mechi za nje ya ligi. Wewe uliyekulia kwenye soka utakumbuka jinsi Shirikisho la Soka la Afrika linavyopanga nchi kwa matokeo ya klabu zake katika mashindano ya bara kwa kipindi cha miaka mitano, na jinsi nchi 12 za juu zinavyopewa nafasi nne badala ya mbili. Tanzania ilipandishwa na matokeo ya nje, kama vile Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2022/23 na Simba kufika fainali ya kombe hilohilo msimu wa 2024/25. Hakuna aliyeipandisha kwa kuangalia nani ameongoza ligi ya ndani. Ligi za besiboli za shule hupimwa kwa mantiki hiyohiyo, na dosari yake pia ni hiyohiyo. Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16, na matokeo yaliyoipandisha nchi yametoka kwa klabu mbili zaidi kuliko nyingine zote. Ubora wa Simba na Yanga haukuambii timu ya tisa ina uwezo gani.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza wanapoitaja Greater Catholic League South. Moeller ndiyo shule aliyosoma Barry Larkin, na ndiyo aliyosoma Ken Griffey Jr., aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya mwaka 1987, yaani zoezi la kila mwaka ambamo klabu za kulipwa huchagua wachezaji vijana. Wote wawili wamo katika Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown, Larkin tangu 2012 na Griffey tangu 2016. Ni historia nzito, na sishangai kwamba watu wa Cincinnati huianza mazungumzo nayo. Hata hivyo, hiyo ni historia ya shule moja. Ukitaka kuijua ligi, tazama timu ya katikati, na kama una muda, tazama pia ile inayoshika mkia: inapotoka nje ya ligi yake kwenda kucheza na timu ya katikati ya ligi jirani, matokeo huwaje?

Kwa swali lako hasa kuna ugumu mmoja wa ziada, nao ni ukubwa wa ligi zenyewe. Greater Catholic League South ina timu nne, ilhali Greater Miami Conference ina shule kumi, nyingine kubwa sana, kama Mason yenye wanafunzi zaidi ya 3,000. Ukitafuta wastani wa ligi nzima, ile ya timu nne itaonekana bora kwa sababu haina mkia mrefu wa kuivuta chini. Ukihesabu ni timu ngapi zimefika hatua za mwisho za mtoano, ile ya timu kumi itaonekana bora kwa sababu imepeleka nyingi zaidi. Pande zote mbili zinazokuvuta zinaweza kuwa zinasema kweli huku kila mmoja akichagua kipimo kinachompendelea. Mimi ningelinganisha ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, hadi ya nne kwa ya nne. Kisha ningezitazama timu sita zilizobaki za Greater Miami Conference peke yake, maana huenda kijana wako akaangukia katika mojawapo ya hizo. Bahati nzuri ni kwamba ligi hizi mbili ni majirani, na timu zake hukutana katika mechi za kawaida na katika mtoano wa kusini-magharibi mwa Ohio, kwa hiyo ushahidi wa moja kwa moja upo na unaweza kuutafuta.

Unapoutafuta, usiishie kwenye matokeo. Besiboli ina jambo ambalo soka halina: mtu mmoja, mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, ana uwezo wa kuubadilisha mchezo kiasi kwamba timu ileile huonekana timu mbili tofauti ndani ya wiki moja. Tangu msimu wa 2017 shirikisho la taifa la vyama vya michezo vya sekondari limetaka kila jimbo liwe na kanuni ya kupumzisha warushaji kulingana na idadi ya mipira waliyorusha. Kila jimbo lina viwango vyake. Huko Texas, kwa mfano, kijana wa sekondari haruhusiwi kupita mipira 110 kwa siku. Kocha mwenye mrushaji mmoja hodari humtunza kwa ajili ya mechi ya ligi, kwa sababu huko ndiko lilipo kombe. Jumamosi anaposafiri kwenda kucheza mechi mbili na timu ya mbali, mpira anaupewa kijana wa tatu au wa nne katika foleni.

Fungua karatasi ya takwimu za mechi kama hiyo uone. Tuseme imeandikwa kwamba timu A imefungwa 9 kwa 2. Ukishuka hadi safu ya warushaji utakuta majina matano, hakuna hata mmoja aliyerusha zaidi ya zamu mbili kati ya zamu saba za mchezo wa sekondari, na wanne kati yao wako darasa la kumi. Upande wa timu B utakuta jina moja lililokwenda zamu sita. Mechi hiyo imemlinganisha mrushaji bora wa B na wanafunzi wa A waliokuwa wanajaribiwa, na anayeihesabu kama ushindi wa ligi moja dhidi ya nyingine anajidanganya. Kinyume chake, katika ligi ambazo timu mbili hukutana mara tatu ndani ya wiki moja, mrushaji mmoja hatoshi, na mshindi wa mfululizo huo mara nyingi ni yule mwenye mrushaji wa pili na wa tatu wanaotegemeka. Binafsi naona hicho ndicho kipimo cha kweli cha kina cha ligi, na msimamo wa kawaida haukionyeshi.

Lipo pia suala la bahati. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116 kati ya 162, msimu ambao bado unatajwa miongoni mwa misimu mikubwa kuliko yote katika besiboli ya kulipwa. Pamoja na hayo walipoteza mechi 46, na hata Fainali ya Dunia hawakuifikia. Kama timu ya namna hiyo hupoteza zaidi ya robo ya mechi zake, matokeo ya mechi moja kati ya shule mbili yana uzito mdogo sana. Tufanye hesabu ndogo. Ligi ya timu nane, kila moja ikicheza mechi kumi nje, itakuwa na mechi 80. Kama nguvu yake ni sawasawa na ya wapinzani wake, tungetarajia ishinde 40, lakini bahati peke yake inaweza kuisogeza mechi nne au tano juu au chini bila mtu kushangaa. Kwa hiyo anayekuletea rekodi ya 45 kwa 35 hajathibitisha kitu. Anayekuletea 55 kwa 25 msikilize, kisha muulize wapinzani walikuwa akina nani.

Swali hilo la wapinzani ndilo lililozaa kipimo kiitwacho RPI, ambacho vyama vya michezo vya shule katika majimbo kama Colorado na North Carolina vimekitumia kupanga timu za mtoano. Katika mfumo wake wa msingi, robo ya alama hutoka kwenye asilimia ya ushindi wa timu yenyewe, nusu hutoka kwenye asilimia ya ushindi wa wapinzani wake, na robo iliyobaki hutoka kwa wapinzani wa wapinzani hao. Timu iliyoshinda mechi 20 na kupoteza 5 ina asilimia 80. Kama wapinzani wake wana asilimia 45 na wapinzani wa hao wana 48, jumla yake ni 54.5. Timu nyingine iliyoshinda 15 na kupoteza 10 ina asilimia 60 tu, lakini kama wapinzani wake wana 62 na wapinzani wa hao wana 55, jumla yake ni 59.75, na inapita juu. Mzazi asiyejua hesabu hii hudhani mtoto wake ameonewa. Hata hivyo RPI haijali mechi ilishindwa kwa tofauti ya pointi ngapi, na ligi zinazocheza zenyewe kwa zenyewe muda mwingi huizungusha namba humohumo bila kupata habari mpya kutoka nje.

Ndiyo maana wengine huongeza hesabu ya pointi. Bill James, mtu aliyebadilisha namna takwimu za besiboli zinavyosomwa, alionyesha kwamba ukichukua pointi ulizofunga ukazizidisha kwa zenyewe, kisha ukagawanya kwa jumla ya hizo na za kufungwa zilizozidishwa vilevile, unapata makadirio mazuri ya ushindi uliostahili. Timu iliyofunga pointi 120 na kufungwa 80 ilistahili kushinda asilimia 69 hivi, yaani mechi 18 kati ya 26. Kama imeshinda 22, ina bahati na mechi nyingi za kuponea chupuchupu. Kwa shule, tahadhari ni kwamba katika majimbo mengi mchezo husimamishwa tofauti ikifika pointi kumi baada ya zamu tano, na kocha mwenye adabu huwatoa wachezaji wake wakubwa mapema, kwa hiyo ushindi wa 15 kwa 0 usiuhesabu kana kwamba una uzito mara tatu ya ushindi wa 5 kwa 0.

Neno la mwisho kwa upande wako wa Ohio. Shule ya Kikatoliki inaweza kupokea kijana kutoka kona yoyote ya jiji, wakati shule nyingi za serikali hutegemea wanaoishi katika mipaka ya eneo lake. Chama cha michezo cha jimbo kilikiri tofauti hiyo kilipoanza, katika mwaka wa shule wa 2017/18, kuongeza idadi ya wanafunzi inayotumika kupanga madaraja kulingana na mahali wachezaji walikotoka. Hiyo hueleza kwa nini ligi ya shule nne huweza kusimama mbele ya ligi ya shule kumi. Hueleza pia kwa nini kijana wako, akienda huko, atagombea nafasi na vijana waliokusanywa kutoka mji mzima, na anaweza kukaa miaka miwili katika timu ya pili kabla ya kuiona ya kwanza. Kabla ya kuuliza ligi ina nguvu kiasi gani, waulize makocha wa shule zote mbili ni vijana wangapi wa darasa la tisa na la kumi waliocheza mwaka huu, na walicheza mechi za namna gani.

SWALI: Nimesoma kwamba Max Fried, Lucas Giolito na Jack Flaherty walikuwa timu moja katika shule ya Harvard-Westlake, Los Angeles. Je, hilo halithibitishi kwamba Mission League, ambamo shule hiyo imo, ndiyo ligi ya juu kabisa Marekani? – Mwanafunzi, Nairobi.

JIBU: Ni kweli walikuwa pamoja mwaka 2012. Fried alichaguliwa wa saba katika drafti ya mwaka huo, Giolito wa 16, na Flaherty, aliyekuwa mdogo wao, akachaguliwa wa 34 mwaka 2014. Mission League inayo mengine pia ya kujivunia: Giancarlo Stanton na Hunter Greene walisoma Notre Dame ya Sherman Oaks, shule iliyomo katika ligi hiyohiyo, na Greene alichaguliwa wa pili kitaifa mwaka 2017. Ni ligi nzito, sibishi. Lakini tazama kwa karibu hao watatu ulioanza nao. Fried alihamia Harvard-Westlake katika mwaka wake wa mwisho baada ya shule yake ya awali kufuta michezo. Giolito aliumia kiwiko mapema msimu huo wa 2012 na hakurusha tena kwa shule yake. Kwa hiyo timu ya ndoto iliyo katika picha haikuwa timu iliyocheza msimu mzima.

Drafti hupima kile ambacho klabu za kulipwa zinatumaini kijana atakuwa baada ya miaka mitano au sita. Haipimi kama timu yake ya shule iliweza kumfunga jirani Jumanne iliyopita. Isitoshe, drafti imefupishwa: ilikuwa na raundi 40 hadi 2019, ikawa na 5 tu mwaka 2020, na tangu 2021 ina 20, kwa hiyo kulinganisha idadi ya waliochaguliwa kutoka ligi fulani miaka kumi iliyopita na idadi ya leo ni kosa la moja kwa moja. Vijana wengi wazuri pia huamua kwenda chuo kikuu, na klabu zikijua hivyo huwapita. Upande wa pili yupo Mike Trout, aliyetokea Millville, mji mdogo wa New Jersey ambako majira ya baridi huchelewesha msimu na maskauti hufika mara chache kuliko California, akachaguliwa wa 25 mwaka 2009 nyuma ya vijana ambao wengi wao hukumbuki majina yao. Ukiipima ligi yake kwa drafti, utapata namba ndogo na mchezaji bora wa kizazi chake.

SWALI: Kwa nini Wamarekani wasicheze mashindano ya taifa ya shule, ubishi uishe? – Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Kwa sababu michezo ya shule iko chini ya vyama vya majimbo, na kila jimbo lina kalenda yake, madaraja yake na kanuni zake za warushaji. California huanza msimu mwezi Februari wakati viwanja vya Ohio bado vimeganda, na huko bingwa wa kitaifa rasmi hayupo. Lililo karibu zaidi ni mashindano ya mwaliko yanayofanyika Cary, North Carolina, tangu 2012, ambayo Orange Lutheran ya California iliyatwaa mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019. Shule hiyo hucheza katika Trinity League pamoja na JSerra, Mater Dei, Santa Margarita, Servite na St. John Bosco, na ukinishika shati nitaje ligi moja, nitataja hiyo, kwa sababu katika shule sita hizo ni vigumu kuipata iliyo ya kufungwa na kila mtu.

Nchi iliyoamua kucheza taifa zima ni Japani. Mashindano yake ya kiangazi yalianza 1915, na tangu 1924 huchezwa katika uwanja wa Koshien. Siku hizi huingia timu 49, moja kutoka kila mkoa kati ya mikoa 47, isipokuwa Tokyo na Hokkaido zinazotoa mbili mbili. Mashindano ya besiboli ya shule hapo kwenu Tanzania yamechukua jina hilohilo la Koshien, kwa urafiki na Wajapani walioyasaidia kuanza. Lakini huko Japani nako ubishi haujaisha, maana ni mtoano wa mechi moja: mkoa wenye timu ishirini nzuri na mkoa wenye timu moja nzuri hupeleka mwakilishi mmoja kila mmoja, na yule wa mkoa mgumu mara nyingi hufika akiwa na mrushaji aliyekwisha choka.